Ruzuku ya pamba ya PLC nchini Marekani: hesabu safi, hela ya kuchelewa

Nyota tatu kati ya tano.

PLC (Price Loss Coverage) ni mpango wa serikali ya Marekani unaomfidia mkulima pale bei ya wastani ya msimu inapoanguka chini ya bei iliyowekwa kisheria. Kwa pamba mbegu, yaani pamba ambayo bado haijatenganishwa nyuzi na mbegu, bei hiyo ilikuwa senti 36.7 kwa ratili tangu 2018. Sheria ya 2025 imeipandisha hadi senti 42. Pima, pamba ya nyuzi ndefu, haimo.

Chukua shamba lenye ekari za msingi 100 (ekari zilizosajiliwa kutokana na kilimo cha zamani cha shamba) na mavuno ya kumbukumbu ya ratili 500 za pamba nyuzi kwa ekari. Zidisha kwa 2.4 upate pamba mbegu: ratili 1,200. Bei ya msimu ikiwa senti 34, pengo ni senti 8. Zinazolipiwa ni asilimia 85 tu ya ekari, kwa hiyo 85 × 1,200 × senti 8 = dola 8,160. Makato ya bajeti ya asilimia 5.7 yakipita, zinabaki kama dola 7,695. Pengo lina mwisho: bei ikishuka mno, haliongezeki tena.

Sasa angalia: hakuna mahali hesabu hiyo imeuliza umevuna nini mwaka huu. Ekari za msingi ni historia ya shamba. Ukipanda mtama juu yake, bado unalipwa ya pamba; jirani aliyepanda pamba kwenye ardhi isiyo na msingi hapati hata senti ya PLC. Anayekodi shamba aulize ekari za msingi ni ngapi kabla ya kusaini. Kwa kodi ya fedha taslimu malipo ni ya mpangaji, ila wenye ardhi nao wanajua kupiga hesabu, na kodi hupanda ipasavyo. Hapo ndipo nyota ya kwanza ilipokatika.

Ya pili ni muda. Msimu wa soko hufungwa 31 Julai, kwa hiyo fidia ya zao la 2025 hutoka kuanzia Oktoba 2026. Mkopo wa mbegu, dawa na dizeli hausubiri hivyo. Usiipange PLC kama mtaji wa msimu.

Huduma yenyewe iko ofisi ya kaunti ya FSA, wakala wa mashamba wa serikali. Fomu AD-1026 (ya kutunza udongo na ardhi oevu) na CCC-902 (ya mpango wa uendeshaji wa shamba) hazisumbui sana. Inayoangusha watu ni FSA-578, ripoti ya ekari zilizopandwa, kipande kwa kipande. Kwa pamba, kaunti nyingi mwisho ni 15 Julai. Usipoiwasilisha, hakuna malipo. Ukichelewa, lipa ada ya ukaguzi, na mmea au masalia yake yawe bado yanaonekana shambani.

Wenye kampuni wachunge CCC-941, ya kuthibitisha kuwa wastani wa kipato hauzidi dola 900,000. Mwanahisa mmoja asipotia saini, fungu lake linakatwa kwenye malipo ya wote. Kikomo cha malipo kwa zao la 2025 ni dola 155,000 kwa mtu, ila ubia wa kawaida huhesabiwa kikomo kwa kila mbia anayeshiriki kilimo kweli. Kaunti za pamba, ubia wa ndugu na wake zao si jambo geni.