FluidSynth kwenye laptop ya Atom: uzoefu wangu kama mpiga kinanda wa kwaya

Kinanda cha kwaya yetu kilipoungua bodi na fundi akatuambia kwamba kipuri chake hakipatikani, nilibaki na vitu viwili: kibodi ya MIDI (inayotuma kwa kompyuta taarifa za noti zilizobonyezwa) isiyo na sauti yake yenyewe, na laptop ndogo ya mtumba yenye prosesa ya Intel Atom N270 na RAM ya GB 1. Niliweka Debian 12, mfumo endeshi wa Linux ambao bado unakubali mashine za biti 32, kisha FluidSynth, programu huria inayosoma mafaili ya SoundFont (yenye rekodi za ala) na kutoa sauti za piano, ogani, nyuzi na ala nyingine nyingi. Nimeitumia mwaka mzima sasa, mazoezini na ibadani, na ninamwandikia mpiga kinanda mwenye mashine dhaifu kama yangu.

Siku ya kwanza ilinivunja moyo. Nilipobonyeza noti mojamoja, piano ilisikika safi. Nilipokamata kodi (noti kadhaa kwa pamoja) na kukanyaga pedali, sauti ilikwaruza kama redio isiyoshika stesheni, kisha ikakatika. Ilinichukua jioni kadhaa kuelewa sababu. Piano ya faili la FluidR3, ambalo ndilo nililoanza nalo, hutumia sampuli (rekodi fupi) mbili kwa kila noti, ya kushoto na ya kulia, kwa hiyo kodi ya noti nne huamsha sauti nane. Pedali ikiwa chini, sauti hizo hazizimiki bali hufifia polepole, huku kodi inayofuata ikiongeza nane nyingine. FluidSynth isipoelekezwa vinginevyo huruhusu hadi sauti 256 kwa pamoja, mzigo ambao Atom yangu haikuweza kuubeba. Nilishusha synth.polyphony, yaani mpangilio wa kikomo hicho, hadi 48. Tangu hapo, kikomo kinapofikiwa, programu yenyewe huchagua sauti za kuzima, na kwaya ikiwa inaimba sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba noti imepotea.

Hatua ya pili ilikuwa bafa, yaani akiba ya sauti inayoandaliwa kabla ya kutoka kwenye spika, na hapa ndipo wengi hupotea. Kwenye Linux, FluidSynth huanza na vipande 16 vya sampuli 64 kila kimoja (hapa sampuli ni nukta mojamoja za sauti, si rekodi), yaani jumla ya sampuli 1024, ambazo kwa kasi ya sampuli 44100 kwa sekunde ni takribani milisekunde 23. Tatizo ni kwamba vipande vidogo namna hiyo huilazimu mashine kuamka karibu mara 690 kwa sekunde. Nilipoweka vipande 3 vya sampuli 256, mashine ikawa inaamka mara 172 tu, na ucheleweshaji wa bafa ukashuka hadi milisekunde 17 hivi. Kwa maneno mengine, mikwaruzo ilipungua na wakati huohuo kidole na sauti vilikaribiana zaidi. Sikutegemea kupata yote mawili.

Mwangwi na korasi (athari inayonenepesha sauti) za programu nilizizima bila kusita, kwa sababu zinakula nguvu ya prosesa na kanisa letu lina mwangwi wake wa kutosha. Ukisikiliza kwa spika za masikioni utaona piano imekauka kidogo, ukumbini hutaona.

Kulikuwa na kasoro moja iliyojificha. Hata baada ya marekebisho hayo, kodi ya kwanza baada ya ukimya, kwa mfano mara tu sala inapokwisha, ilikuwa ikikwaruza. Prosesa hii hushuka kutoka GHz 1.6 hadi MHz 800 inapokosa kazi, na kodi nzito ilikuwa ikiikuta bado iko chini. Niliifunga katika kasi ya juu, nikazima Wi-Fi, nikaacha kufungua mazingira ya dirisha, na FluidSynth ikaandika moja kwa moja kwenye ALSA, sehemu ya Linux inayoendesha kadi ya sauti, bila kupitia programu nyingine ya sauti. Kasoro hiyo haikurudi.

Kwa ulinganisho, nilijaribu pia ZynAddSubFX, ambayo huunda sauti kwa hesabu badala ya kusoma rekodi. Ni programu nzuri sana, lakini sauti nilizozipenda zilikuwa nzito kwa mashine hii, nami naihifadhi kwa siku nitakapopata kompyuta yenye nguvu.

Kinachobaki kunisumbua ni kubadilisha ala. FluidR3 ina ukubwa wa takribani MB 140, na kuipakia yote kutoka kwenye diski kuukuu kulichelewesha sana kuwasha, hivyo nikawasha synth.dynamic-sample-loading ili zipakiwe ala ninazozichagua tu. Sasa inawaka upesi, lakini kuchagua ala mpya katikati ya wimbo huleta kimya kifupi kinachoiyumbisha kwaya. Kwa hiyo kabla ya ibada ninaweka ogani kwenye chaneli ya 1, piano ya 2 na nyuzi ya 3, zote zikiwa zimeshapakiwa, na wakati wa kuimba ninahama kwa kitufe cha chaneli kilicho kwenye kibodi.