Aktueta ya westigeti: ya kiwandani au iliyoboreshwa?

Ninaendesha Subaru Forester ya mwaka 2004 yenye injini ya EJ205 na turbo ya TD04, na hadi sasa nimeifunga aktueta mbili za westigeti, yaani kifaa kinachozuia presha ya turbo isizidi: ile iliyotoka nayo kiwandani na moja iliyoboreshwa, kisha nikairudisha ya kwanza.

Ndani ya kopo la aktueta mna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na hewa ya turbo dhidi ya springi. Presha inapoishinda springi, fimbo husogea na kufungua kilango (ndiyo westigeti) kinachoupitisha moshi kando ya gurudumu la turbo, ili turbo isizidi kukimbia. Springi ndiyo inayoweka presha ya chini kabisa ya westigeti: kompyuta ya injini inaweza kuipandisha kwa valvu yake ya umeme, lakini kuishusha chini ya hapo haiwezi.

Ya kiwandani ni kopo la bati lililokunjwa kingo, lisilofunguka. Yangu huanza kusogeza fimbo kwenye presha ya paundi 7 hivi kwa inchi ya mraba, na kwa injini ambayo haijaguswa inatosha kabisa. Udhaifu wake huonekana presha inapopandishwa: mizunguko ikiwa mingi, moshi wenyewe hukisukuma kilango, na nguvu hunywea wakati bado unalipita lori.

Zilizoboreshwa, kama zile za Turbosmart ya Australia na Forge Motorsport ya Uingereza, zina mwili wa alumini unaofunguka na springi za kubadilisha. Ufundi wake unapendeza kweli, na kilango kikibanwa vizuri turbo huamka mapema. Kosa lilikuwa katika ufungaji. Gereji moja ya Nairobi iliniwekea springi ya paundi 14 na kuifupisha fimbo, bila kugusa ramani ya kompyuta, yaani maagizo yake ya mafuta na presha. Jijini, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, gari lilivumilia. Lakini springi hupima presha juu ya hewa ya nje, na hewa ya Nairobi ni hafifu kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo kadiri nilivyoteremka ndivyo jumla ya hewa iliyoingia kwenye silinda ilivyoongezeka. Karibu na Mariakani nilikanyaga mafuta, kompyuta ikayakata ghafla, na gari likanyong'onyea mbele ya basi. Afadhali ilikata, maana pistoni za injini hizi hazistahimili kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda.

Kabla ya kununua chochote, ipime ya zamani kwa pampu ya mkono yenye geji: pampu polepole, tazama fimbo inaanza kusogea wapi, kisha acha uone kama mshale unashuka. Kiwambo kilichopasuka hakifungui kilango, na presha hupita kiasi. Mpira mwembamba unaoipelekea aktueta hewa ukichanika huleta balaa hiyo hiyo, na bei yake ni ndogo mno. Vikiwa vizima, na injini ni ya kawaida, bakia na ya kiwandani. Iliyoboreshwa inamfaa anayeandikiwa ramani mpya siku ile ile, mwenye geji ya presha mbele yake. Na kama tundu la westigeti lenyewe ni dogo, presha ikawa inapanda yenyewe, hakuna springi itakayokusaidia.

Ya alumini bado ninayo. Nitaifunga ramani itakapoandikwa upya, kwa springi ya paundi 10.