Dola 600 kwa usiku mmoja Disney: uzoefu wangu Animal Kingdom Lodge

Chumba kimoja, usiku mmoja, zaidi ya dola 600. Ongeza kodi ya asilimia 12.5 wanayotozwa wageni wa hoteli kaunti ya Orange, Florida, na hapo hujanywa hata chai. Hiyo ni bei ya kawaida tu ya chumba kinachotazama savana pale Disney's Animal Kingdom Lodge, karibu na Orlando. Krismasi na Pasaka hupanda hata zaidi. Tangu turudi, ndugu na marafiki hapa Houston wananiuliza swali lilelile: je, inafaa? Naandika kwa kirefu kwa sababu ni hela nyingi, na mtu akizilipa anapaswa kujua analipia nini hasa.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui kabla ya kulipa. Walt Disney World, eneo kubwa la Disney lenye viwanja vya burudani karibu na Orlando, ina hoteli zake zaidi ya 20, kuanzia za bei nafuu kama All-Star na Pop Century hadi za kifahari kama Grand Floridian, Polynesian na Contemporary. Mgeni wa hoteli yoyote kati ya hizo, alipe dola 180 au 900, anaingia viwanja vya burudani nusu saa kabla ya watu wengine. Anapanda mabasi ya Disney bila nauli. Anaegesha gari bure hotelini na viwanjani. Akitaka kununua Lightning Lane, ile huduma ya kupunguza foleni, anaruhusiwa kuanza siku 7 kabla ya kufika, wakati anayelala nje anaanza siku 3 kabla. Wa hoteli ya kifahari anaongezewa kitu kimoja tu cha maana: usiku fulani, katika viwanja vilivyochaguliwa, anabaki ndani saa mbili baada ya wengine kutoka. Kwa vijana hiyo ni nzuri sana. Kwa familia yenye watoto wadogo, muda huo mmoja amelala begani na mwingine analia anataka kitanda.

Kwa hiyo, kama unaondoka hotelini alfajiri na kurudi usiku wa manane, hakuna sababu ya kulipa mara nne ya bei ya jirani yako aliye Pop Century. Mtaingia getini saa ileile.

Kinacholipiwa Grand Floridian, Polynesian na Contemporary, kwa sehemu kubwa, ni ukaribu. Zipo kwenye njia ya treni ya monorail inayokwenda kiwanja cha Magic Kingdom, na kutoka Contemporary unaweza hata kutembea kwa miguu, dakika kama 10 hivi. Sidharau ukaribu. Mwenye mtoto anayehitaji kulala mchana, au mzazi mwenye magoti mabovu, anajua thamani ya kurudi chumbani saa saba, kupumzika, kisha kutoka tena jioni. Lakini monorail ya hotelini haiwabagui wasiolala pale. Hata mgeni wa nje anaruhusiwa kuipanda, kushuka, kula, kukaa kwenye ukumbi wa Grand Floridian na kuondoka. Nilipopima hivyo, niliona kwamba sehemu kubwa ya uzuri wa hoteli hizo inapatikana bila kulala ndani yake.

Animal Kingdom Lodge haiko kwenye monorail. Haiko kwenye Skyliner, yale magari ya kwenye kamba yaliyoanza mwaka 2019. Inategemea mabasi tu, na ingawa kiwanja cha Animal Kingdom kiko jirani kabisa, hakuna njia ya kwenda kwa miguu. Ukiihukumu kwa usafiri, ni hoteli ghali iliyo mbali. Hata hivyo ndiyo tuliyoichagua, na ndiyo ningeichagua tena.

Ilifunguliwa mwaka 2001. Mchoraji wa jengo, Peter Dominick, alilipinda kama boma la mifugo, na nyuma yake kuna malisho ambamo wanyama wanatembea: twiga, pundamilia, swala wa aina nyingi, ndege wakubwa. Kwa jumla ni zaidi ya 200, katika savana nne. Jengo la kwanza linaitwa Jambo House. La pili, Kidani Village, lilikuja mwaka 2009. Kwenye ukumbi wa mapokezi kuna kinyago cha Ijele cha Waigbo wa Nigeria, kirefu kama nyumba, na watoto wangu walikizunguka wakiuliza maswali kabla hata hatujapata funguo.

Tulikuwa na mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Yeye ndiye aliyeuliza alichokuwa anakiwaza kila mtu: "Mwanangu, hela yote hii ni ya kitanda tu?" Asubuhi ya kwanza aliamka kabla yetu, kama kawaida yake, akajifunga khanga, akatoka kibarazani na kikombe cha chai. Nilimkuta ameinamia ukuta mdogo wa baraza. Chini yetu, karibu kiasi cha kusikia nyasi zikikatwa, walikuwa wanapita ng'ombe wa Ankole, wale wenye pembe nene ndefu zinazopinda kama upinde. "Hawa nawajua," akasema. "Nilipopangiwa kufundisha Karagwe walikuwa wanapita mbele ya darasa, na mchungaji akipiga mluzi darasa zima linageuka." Mwanangu mdogo alitoka na blanketi lake akaketi miguuni pake. Bibi akaanza kueleza: namna ya kukamua, maziwa yanavyotunzwa kwenye vibuyu, kwa nini huwezi kumuuliza mtu ana ng'ombe wangapi. Alieleza mpaka jua likapanda. Wajukuu wake wamezaliwa Texas, na miaka yote hiyo nimekuwa nikitafuta namna ya kuwafanya wamsikilize kwa muda mrefu kiasi kile bila simu mkononi.

Najua wapo watakaosema: mtu wa Tanga anakwenda Florida kulipia twiga, na Mikumi ipo saa chache tu kutoka Dar es Salaam? Ni swali la haki, na nalijibu kwa hesabu. Tiketi za ndege za familia ya watu wanne kutoka Marekani hadi Dar hula maelfu ya dola kabla hujalipa kiingilio cha hifadhi. Mikumi tutakwenda, Mungu akijalia. Pia wanyama wa pale hotelini hawazuiliwi kwa vyuma mbele ya macho yako. Mipaka imefichwa kwa mitaro na miamba, na mfanyakazi anapita asubuhi na gari kuwawekea chakula. Ni malisho ya kutunzwa, si pori, na niliwaambia watoto hivyo waziwazi.

Jambo la kuzingatia sana ni aina ya chumba. Jambo House kuna vyumba vya kawaida visivyotazama savana, vinavyotazama bwawa la kuogelea, na vinavyotazama savana. Tofauti ya bei kati ya cha kwanza na cha mwisho inaweza kupita dola 150 kwa usiku, na hapo ndipo watu wanapobana matumizi. Mimi nasema bana kwingine. Ukichukua chumba cha kawaida umelipa zaidi ya dola 400 kuishi hoteli ya mbali yenye mapambo mazuri, na kila ukitaka kuona mnyama inabidi uvae viatu uende kwenye maeneo ya pamoja. Na kwa sababu jengo limepinda, korido ni ndefu kwelikweli. Ukiwa na mzee, omba mapema chumba cha karibu na lifti. Mchana wa joto la Florida wanyama hujificha kivulini. Waone alfajiri na jioni.

Chakula kina uzito wake kwenye hesabu. Boma, mgahawa wa Jambo House, ni bafe, na chakula cha jioni ni zaidi ya dola 50 kwa mtu mzima bila bakshishi. Ladha zimechanganywa kutoka bara zima, na mkono wa Afrika Kusini unaonekana. Kuna supu nzuri, nyama ya kuchoma, na asubuhi niliona bobotie, nyama ya kusaga iliyookwa na mayai, na pap, ambayo mama aliionja akasema ni ugali laini uliopikwa na mtu mwenye haraka, kisha akarudi kuongeza. Vitindamlo vyao maarufu, vile vidogo vyenye michirizi ya pundamilia, vina Amarula ndani, kwa hiyo wasiotumia kileo waulize kwanza. Mgahawa wa Sanaa, upande wa Kidani, ndio nilioupenda zaidi. Wanaleta mikate ya aina kadhaa, naan ikiwemo, pamoja na chatini nyingi za kuchovya, na dirisha linatazama savana. Mtu wa pwani anakaa pale anajisikia nyumbani. Na hata asiyelala hotelini anaweza kuweka nafasi ya chakula cha mchana Sanaa, akaona twiga kwa bei ya sahani. Kama bajeti hairuhusu chumba, fanya hivyo.

Siku zilizofuata tulihamia hoteli moja nje ya Disney, kando ya barabara ya 192, ambayo sitaitaja. Chumba kilitangazwa dola 110. Tulipofika mezani pakajitokeza ada ya huduma ya kila siku, kisha maegesho. Basi lao la kwenda viwanjani lilipita mara chache kwa siku, na lilipopita lilikuwa limejaa. Tulisimama juani mpaka mama akaketi kwenye ukingo wa barabara, tukakodi gari. Kesho yake tukatumia gari hilo, na hapo kuna maegesho ya dola 30 au zaidi kwa siku kwenye viwanja vya Disney. Tena ukienda Magic Kingdom kwa gari, maegesho yenyewe hayako getini: unavuka ziwa kwa feri au unapanda monorail, wakati mabasi ya hoteli za Disney yanashusha watu mlangoni. Ukijumlisha yote, chumba cha dola 110 kilikuwa kimekaribia bei ya hoteli nafuu ya Disney yenyewe. Kwa hiyo mshindani halisi wa hoteli ya kifahari, kwangu, si ile ya barabarani. Ni Pop Century, iliyo kwenye Skyliner, unafika viwanja vya EPCOT na Hollywood Studios hewani bila kusubiri basi.

Universal, kampuni nyingine yenye viwanja vya burudani upande wa pili wa Orlando, hesabu yao ni nyingine kabisa, na hapa naisifu kwa moyo wote. Hoteli tatu, Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, zinawapa wageni wote wa chumba Express Unlimited bila malipo ya ziada. Hiyo ni pasi ya kupita foleni fupi mara nyingi utakavyo katika viwanja viwili, Universal Studios Florida na Islands of Adventure. Inaanza siku unayofika na inaendelea mpaka siku unayoondoka. Maana yake usiku mmoja unakupa siku mbili. Pasi hiyo ikinunuliwa peke yake, siku za msongamano huweza kupita dola 200 kwa mtu kwa siku. Mlio wanne, fanyeni hesabu: chumba cha dola 500 kimejilipa kabla hamjala chakula cha mchana. Angalizo ni kwamba haihusu Epic Universe, kiwanja kipya kilichofunguliwa Mei 2025, na tiketi za kuingilia bado unanunua mwenyewe.

Disney hawatoi kitu kama hicho, ndiyo maana kwao natumia kanuni tofauti: usiku wa kifahari uwekwe siku ambayo hununui tiketi ya kiwanja. Tiketi ya siku moja huanzia dola 119 na siku za msimu hupita 180. Tiketi za siku nyingi hushusha bei ya kila siku, kwa hiyo akiba haitakuwa kubwa kama inavyoonekana, lakini bado ni mamia ya dola kwa familia. Siku hiyo hamwendi popote. Mnaamka na wanyama, mnaogelea, watoto wanakaa na wafanyakazi, wengi wao wametoka nchi za kusini mwa Afrika, wakieleza nyayo na manyoya, mnakula Sanaa, mnarudi barazani jioni. Hapo chumba kinatumika saa zote ulizolipia.

Njia nyingine ya kupunguza bei ni kukodi pointi za wanachama wa Disney Vacation Club, mpango ambao watu hununua pointi za kulala hoteli za Disney. Wanachama wasiotumia pointi zao huzikodisha, na chumba kilekile cha Kidani kinaweza kupungua kwa kiasi cha kushangaza. Nyumba zenye chumba kimoja cha kulala na zaidi zina jiko kamili na mashine ya kufulia, unapika wali wako na kuokoa bili ya mgahawa. Shida yake ni kwamba mara nyingi ukighairi hurudishiwi hela, basi usikodi mpaka likizo ya kazini na tarehe za shule vimethibitishwa.

Safari ijayo nimeshaipanga: mwanzoni Pop Century kwa ajili ya viwanja, mwisho Kidani, savana, bila tiketi. Septemba, kwa sababu bei hushuka shule zikifunguliwa. Ni msimu wa vimbunga pia, kwa hiyo nimenunua bima. Mama ameshasema anataka chumba cha chini.