Star Trek: The Next Generation: Daktari Crusher na msimamo unaosahaulika

Tamthiliya hii ya Marekani ya safari za anga ilirushwa kuanzia 1987 hadi 1994, misimu 7, na hadi leo inafaa kutazamwa. Nahodha Picard wa msimu wa mwisho unamtambua tangu mwanzoni, na Data, roboti mwenye umbo la binadamu, anakua hatua kwa hatua. Anayeumiza moyo ni Dk. Beverly Crusher, daktari mkuu wa chombo cha anga cha Enterprise, aliyeigizwa na Gates McFadden. Wiki hii ndiye mwenye akili pevu kuliko wote chomboni. Wiki nyingine humjui kabisa, na hakuna mwenzake hata mmoja anayeshangaa.

Mtazame kwanza akiwa katika ubora wake: msimu wa 4, sehemu ya 5, "Remember Me". Watu wanapotea mmoja mmoja, na kila anayebaki anashikilia kwamba waliopotea hawakuwahi kuwepo. Crusher anajipima kwanza yeye mwenyewe, anajikuta mzima, ndipo anaanza kuushuku ulimwengu wenyewe. Anaiuliza kompyuta ulimwengu una umbo gani. Jibu: ni kama tufe, kipenyo chake mita 705. Hapo anang'amua kwamba yuko ndani ya kiputo kilichotokana na jaribio la mwanawe, Wesley, na anatafuta mlango wa kutokea. McFadden anabeba dakika nyingi akiwa na sauti ya kompyuta tu, na hachoshi.

Msimamo wake wa msingi pia ulikuwa wazi tangu mapema: aliye mgonjwa atibiwe, siasa baadaye. Katika "Symbiosis" ya msimu wa 1 anagundua kwamba dawa inayouzwa kwa sayari nzima ni ya kulevya tu, kwa sababu tauni yenyewe ilikwisha zamani, na anambana Picard watu waambiwe ukweli. Katika "I, Borg" ya msimu wa 5 anamtibu majeruhi wa jamii adui ya Borg na kukataa ageuzwe silaha ya kuangamiza wenzake. Huyo ni mtu mmoja, unamfahamu.

Tatizo linaonekana ukiweka sehemu mbili bega kwa bega. "Ethics" (msimu wa 5, sehemu ya 16): Worf, afisa wa Kiklingoni chomboni, amevunjika uti wa mgongo, na Dk. Toby Russell anataka kumfanyia upasuaji ambao haujawahi kufanywa kwa mtu hai. Crusher anapendekeza vipandikizi vitakavyomrudishia takriban asilimia 60 ya uwezo wa kutembea. Russell anapompa majeruhi mwingine dawa ya majaribio na mtu huyo anakufa, Crusher anamfungia asitibu tena mle wodini. Mwishowe, ingawa Worf amepona, bado Crusher anamwambia Russell bila kumung'unya maneno kwamba njia za mkato si utafiti. Ni hotuba bora kabisa ya daktari katika tamthiliya nzima.

Sasa "Suspicions" (msimu wa 6, sehemu ya 22). Mwanasayansi wa Kiferengi (jamii nyingine ya viumbe wa anga), Reyga, amekufa, na desturi ya kwao hairuhusu maiti kupasuliwa. Crusher anaipasua bila idhini na hapati kitu. Kisha anarusha chombo kidogo hadi kwenye tabaka la nje la nyota, akitegemea ngao aliyoibuni Reyga, ambayo jaribio lake lilionekana kuishia kwa kifo. Utetezi upo, kwamba hapa anahatarisha maisha yake mwenyewe. Lakini ile maiti? Crusher yule wa "Ethics" angalau angejadiliana na nafsi yake kabla ya kushika kisu. Skripti haimpi hata sentensi moja ya kukumbuka alichomwambia Russell, na wiki inayofuata yuko wodini akimpima Kahless, shujaa wa kale wa Waklingoni.

Halafu kuna "Sub Rosa", msimu wa 7, sehemu ya 14. Amemzika bibi yake, anarithi mshumaa, na ndani ya mshumaa mna kiumbe aitwaye Ronin aliyewashika wanawake wa ukoo huo kwa karne nyingi. Crusher anaandika barua ya kujiuzulu na kuhamia koloni. Skripti inajitetea kwamba ametawaliwa na nguvu ya kiumbe huyo. Sawa, lakini daktari aliyetambua ulevi wa sayari nzima anamsimulia Troi, mshauri wa chombo, mambo ya usiku, na mazungumzo yanabaki ya mapenzi, si ya dalili.

Chanzo chake kinaeleweka. McFadden hakuwepo msimu wa 2. Aliporudi msimu wa 3, Michael Piller, mkuu wa waandishi, alifungua mlango kwa skripti kutoka nje, na karibu kila sehemu ilitakiwa isimame peke yake. Waandishi walimwegemeza kwenye mambo mawili: umama, na mapenzi yasiyosemwa kati yake na Picard. Wesley alipoondoka katika "Final Mission" ya msimu wa 4, nguzo moja ilianguka, na badala ya kuujaza udaktari wake wakamletea wapenzi wa kupita.

Linganisha na Dk. Katherine Pulaski wa Diana Muldaur, aliyeshika nafasi yake msimu wa 2. Anaanza akimtendea Data kama mashine, hata jina lake halitamki sawasawa, na anamaliza msimu akimheshimu. Ni mabadiliko, ila unaona kila ngazi aliyopanda. Msimu mmoja tu ulitosha.

Ukitaka kumjua Crusher bila kupotea, fuata mpangilio huu: "Symbiosis", "Remember Me", "Ethics", "I, Borg", kisha "Suspicions", na mara moja "Descent, Part II" inayofungua msimu wa 7. Hapo, akiwa ndiye anayeongoza Enterprise, anaitumia ile ile ngao ya Reyga kukiingiza chombo chote ndani ya tabaka la nyota na kuiangamiza meli ya Borg. Mara hii waandishi wamekumbuka alichojifunza, na McFadden anakaa kwenye kiti cha nahodha kama aliyekizoea. "Sub Rosa" iruke.