Rangi ipi ya chambo bandia kwenye tope la Luiche?

Habari zenu ndugu zangu wa mshipi, karibuni. Nipo nyumbani Ujiji, nimetoka mtoni Luiche asubuhi hii, na maji yaliyomo kwenye hili jagi la kioo nimeyachota pale mto unapoingia ziwani. Tazameni rangi yake. Chai ya maziwa kabisa! Mvua za juzi zimeshusha udongo wa mashamba yote ya huko juu. Ukisimama pale mdomoni unaona mpaka kwa macho, huku maji ya kahawia, kule bluu. Tanganyika ni ziwa angavu mno, siku ya utulivu unaweza kuona mita 15 kwenda chini na zaidi. Humu ndani ya jagi natumbukiza mkono, vidole vimeshapotea.

Sasa wengi mnaniuliza, maji yakichafuka hivi nifunge chambo cha rangi gani. Ninavyo vinne hapa, vyote umbo moja la kisamaki, urefu wa kidole cha kati, tofauti yake ni rangi tu. Hiki cha fedha chenye mgongo wa bluu, hiki cheupe, hiki cha njano-kijani kama kizibao cha bodaboda, na hiki cheusi tii.

Naanza na cha fedha kwa sababu ndicho kila mtu anakikimbilia dukani. Kinafanana na dagaa, kinapendeza, na kule Katonga maji yakiwa safi kimenipa samaki, siwezi kukisema vibaya. Lakini fedha haina mwanga wake yenyewe, inarudisha ule unaoipiga. Tope likishaumeza mwanga, itarudisha nini? Na ule mgongo wa bluu ndio wa kwanza kupotea. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana nimeona watu wanakosea. Mnasikia wavuvi wa nje wakisema nyekundu ndiyo inayokufa mapema majini. Ni kweli, ila ni kwa maji angavu yenye kina. Maji ya udongo na majani yaliyooza yanafanya kinyume: yanakula bluu kwanza, yanabakiza njano, chungwa na nyekundu. Kwa hiyo ushauri ule ule unaokufaa ukiwa Bangwe kwenye maji angavu utakuangusha ukiwa Luiche.

Leo nilikaa kwenye mtumbwi na kamba yenye mafundo, kila fundo vidole vinne. Nikashusha kimoja kimoja nikiangalia kutoka juu. Cha fedha kilipotea kabla ya fundo la pili. Cheupe kilifika la tatu. Njano-kijani nilikiona mpaka la nne. Cheusi? Hata fundo moja na nusu hakikufika. Ningeishia hapo ningewaambia cheusi tupeni.

Lakini samaki hakai kwenye mtumbwi. Mara nyingi yeye yuko chini, anatazama juu. Njooni karibu. Nanyanyua jagi juu ya kichwa, mwangalie kupitia kitako chake, mbingu iko nyuma. Natumbukiza cheupe... kimeyeyuka, kimeungana na mwanga. Natumbukiza cheusi... mnaona? Tumbo, mkia, mpaka ile midomo ya ndoano! Ni kama mtu aliyesimama mlangoni mchana, wewe uko chumbani gizani. Sura humjui, ila umbo lake unalipata lote.

Basi msimamo wangu ni huu. Tope kama la leo, hasa alfajiri na jioni, nafunga cheusi na nakipitisha juu juu. Jua likiwa kali na maji yakaanza kujisafisha, nafunga njano-kijani. Hii rangi inayowaka hunyonya mwanga wa urujuani na bluu, ikautoa tena ukiwa njano au kijani, na kwa kuwa tope huuchuja ule mwanga mapema, usiizamishe sana. Nusu mita inatosha.

Na yakichafuka zaidi ya hapa, suala la rangi liweke pembeni, tafuta mtikisiko. Nina ngege hapa wa mboga. Pitisheni macho ubavuni, mnaona hivi vitundu kwenye magamba, vimejipanga kutoka nyuma ya shavu? Katikati ya mwili mstari unakatika, halafu unaendelea chini kidogo hadi mkiani. Kwa mstari huo samaki anahisi maji yanavyosukumwa hata asipoona kitu. Ndiyo maana nimeleta na hiki chenye kibati cha shaba kinachozunguka. Vuta polepole, usikie kibati kinatetema mpaka kwenye fimbo. Ukivuta haraka, samaki anakuja mahali kilipokuwa, si mahali kilipo. Nimechagua shaba kwa sababu mwanga uliobaki kwenye tope ni wa njano, shaba inaurudisha vizuri kuliko fedha.

Kambale ni habari nyingine. Yule anatafuta kwa sharubu na harufu, mpelekee minyoo, usimsumbue kwa rangi.

Ubora sasa. Rangi ya cheusi imeanza kubanduka tumboni baada ya siku mbili tu, na hilo limenikera. Nimepaka rangi ya kucha mara mbili, ikakauka usiku kucha, inashika vizuri. Ndoano ndizo tatizo kubwa. Wiki iliyopita yule samaki wa meno, mwenye mistari myeusi ubavuni, aliniachia ndoano imenyooka kama msumari. Aliyeniuzia alinihakikishia ni ngumu. Zing'oeni zote, wekeni nene, na mbele ya chambo fungeni waya, maana nailoni ataikata mara moja.

Kabla ya kwenda, ulizeni BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo wenu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, msije mkanunua vifaa halafu mkakuta marufuku. Na pale mdomoni msisimame majini, rusheni mkiwa juu ya ukingo. Mamba naye anapenda tope.

Kwa fedha yangu, ningenunua tena cheusi na cha kibati. Njano-kijani kimoja kinatosha. Cheupe nimeshampa mdogo wangu wa Kibirizi, na cha fedha nakirudisha sandukuni kinisubiri hadi kiangazi.