Betri ya laptopu haikai na chaji: ununue ipi?

ThinkPad, EliteBook na Latitude za mtumba zimejaa Kariakoo, Dar es Salaam, na Moi Avenue, Nairobi. Nyingi ni imara, ila betri ndiyo imechoka. Kabla ya kutoa hela, fungua Command Prompt kwenye Windows, andika powercfg /batteryreport, fungua ripoti inayohifadhiwa, kisha linganisha DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo wake wa sasa). Ikiwa ilitoka kiwandani na 50 Wh (wati-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba) na bado inabeba 45, betri haina kosa: punguza mwanga wa skrini, funga programu zinazokula prosesa. Ikishuka chini ya nusu, nunua.

Chaguo la kwanza ni betri mpya ya kampuni iliyounda laptopu yenyewe. Nenda na namba iliyoandikwa kwenye betri ya zamani, kisha uliza tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu lithiamu huzeeka hata ikiwa ndani ya boksi. Orijino iliyolala stoo miaka mitano siinunui. Wenye ThinkPad T480 wana bahati: ya ndani ni 24 Wh, ya nje inachomolewa kwa mkono, na ipo hadi ya 72 Wh. Hiyo kubwa inaongeza uzito na kutokeza kwa chini, lakini kwa mtu wa safari ningeichagua bila kusita.

La pili, betri mpya ya kampuni nyingine, yenye dhamana ya maandishi. Ijaribu palepale dukani: ThinkPad X230 na T430, kwa mfano, hukataa kuchaji betri isiyo ya Lenovo, kampuni inayounda ThinkPad. Ripoti peke yake usiiamini, maana namba zinatoka kwenye chipu ya betri, na chipu ya feki huandikwa chochote. Ukifika nyumbani, chaji ijae, tumia mpaka izime, hesabu saa.

La tatu, pawa benki ya wati 65, kama laptopu yako inachaji kwa USB-C. Ya mAh 20,000 ni kama 74 Wh, na kwenye ndege inaingia na begi la mkononi tu.

La mwisho, betri iliyotolewa kwenye mashine nyingine, au ya zamani iliyobadilishwa seli mtaani. Bei inavutia, lakini umri wake hujui, na seli zilizounganishwa vibaya zinaweza kuwaka moto. Betri yako ikivimba, zima mashine, chomoa chaja, usiitoboe, mpelekee fundi siku hiyohiyo.