Mwitaliano na makosa ya ofisini: orodha ya maneno au sentensi nzima?

Mwitaliano anayeanza kazi London au Dublin ana njia mbili za kujifunza Kiingereza cha kukiri kosa. Ya kwanza ni orodha: "errore" ni "error", "sbaglio" ni "mistake", "svista" ni "oversight", "refuso" ni "typo" (kosa la kuchapa). Ni ya haraka, na kwa "typo" inatosha kabisa.

Shida huanza akikaa kuandika barua pepe. Kiitaliano kina "fare" tu pale ambapo Kiingereza kina "do" na "make", kwa hiyo mtu wa orodha huandika "I did a mistake" badala ya "I made a mistake". Wenzake wataelewa, ila sikio linakwaruzwa. Wala orodha haimwambii kwamba "oversight" ni kupitiwa, na papo hapo ni usimamizi. Akikuta "oversight committee" atadhani ni kamati ya wazembe!

Njia ya pili ni kukariri sentensi nzima: "I made a mistake in the invoice", "That was an oversight on my part". Inachosha, na msamiati hukua polepole. Lakini bosi akiuliza ankara imekuwaje, jibu liko mdomoni tayari. Mimi ningeanza na hii.